Busaa si Chakula cha Mimba, na Vidio Yako si Msaada

Leo sina kichekesho. Leo nimekuja kujishtaki mimi mwenyewe kwanza, halafu niwashtaki na nyinyi.

Mwaka jana, siku ya lile jua letu la Kalokol ambalo hata mbuzi wanalikimbia, nilikuwa napita kwa mama pima mmoja, si mbali na mahali wamama wanaanika samaki. Chini ya mathenge alikuwa amekaa mama mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa. Ameshika kasuku ya busaa kwa mikono miwili, vile mtu anashika uji. Akajaribu kuinuka, akayumba, akaketi tena, akacheka. Watu wakacheka. Mimi nikatoa simu.

Nyumbani nikaiwekea muziki na maneno mawili matatu ya kuchekesha, nikaipandisha. Kufika usiku ilikuwa imetazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kutengeneza. Watu wa Lodwar wanaituma, watu wa Kakuma wanaituma, hadi jamaa wa Nairobi ambao hawajui Turkana iko upande gani wa ramani. Nilijiona nimefika.

Wiki kadhaa baadaye shangazi yangu, ambaye ni CHP na huzunguka boma kwa boma na ule mkoba wake, alinikalisha chini. Hakupiga kelele. Aliniambia tu: "Yule mama uliyemweka kwa simu ameacha kuja kliniki. Anasema wote wanamjua. Na siku ile hakuwa amekula tangu jana yake. Hiyo busaa ndio ilikuwa chakula."

Nilifuta vidio. Lakini nyinyi mnajua vile mambo yako. Kitu kikishaingia kwa simu za watu, kukifuta kwako ni kama kutoa maji ziwani na kikombe.

Nikarudi kusoma komenti, zile nilikuwa nimezifurahia. Zilikuwa za aina tatu. Kuna waliomtukana: mama gani huyu, afungwe, anyang'anywe mtoto. Kuna waliomtetea: wacheni kelele, busaa ni chakula, mamangu alikunywa na mimi niko sawa. Na kuna waliocheka tu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama amekula. Hakuna aliyeuliza nani alimuuzia, na nani alilipa.

Kwa hivyo leo nasema vitu viwili pamoja, na ukichukua kimoja ukaacha kingine hujanielewa. Kwanza, pombe wakati wa mimba inaumiza mtoto, na mama anafaa kuambiwa hivyo wazi, bila kuzungushwa. Pili, yule anayemwambia na mkono mwingine anamuuzia, anamnunulia ama anamrekodi, huyo anyamaze kwanza, ajirekebishe yeye.

Tuanze na hicho cha kwanza, kwa sababu hapa uongo ni mwingi kuliko samaki.

Mama akinywa, pombe inaingia kwa damu yake. Kutoka hapo inapita kwenye kondo la nyuma na kitovu, inaingia kwa mtoto. Kondo la nyuma si chujio la kuzuia pombe. Kile kiwango kiko kwa damu ya mama, mtoto anakipata karibu hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba ini la mama ni la mtu mzima, la mtoto bado linajengwa. Mama atalala, asubuhi yuko sawa. Mtoto bado anahangaika na pombe ile ile, na hata maji anayoogelea ndani yake yanabaki nayo kwa muda.

Na kitu kinachoumia zaidi ni ubongo. Mguu wa mtoto unaweza kumaliza kuchorwa mapema, lakini ubongo unajengwa kutoka wiki za mwanzo hadi siku ya kuzaliwa. Ndio maana hakuna "miezi ya hatari" na "miezi ya kujiachilia". Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito. Si glasi moja, si wikendi tu, si kionjo.

Matokeo yake? Mimba inaweza kutoka. Mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati, ama akiwa mdogo sana, ama akiwa amekufa. Na akiishi, anaweza kubeba madhara ambayo hayaishi. Daktari mmoja Mfaransa, Paul Lemoine, aliandika juu ya watoto 127 wa wazazi walevi huko Nantes mwaka 1968, na karibu hakuna aliyemsikiliza. Mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, waliona dalili zile zile kwa watoto wao, na hapo ndipo ugonjwa ukapewa jina. Baadhi ya watoto huonekana usoni: macho madogo, mdomo wa juu mwembamba, ule mfereji wa chini ya pua umelala bapa. Lakini wengi hawana alama yoyote usoni. Wanaonekana kama mimi na wewe.

Hebu fikiria hapo kidogo. Yule dogo mliyesoma naye, ambaye mwalimu alimwita kichwa ngumu. Anafundishwa leo, kesho amesahau. Hawezi kutulia, anakasirika haraka, anarudia kosa lile lile na fimbo anakula kila wiki. Akaacha shule darasa la nne. Siwezi kukuambia alikuwa na nini, kwa sababu mtoto anaweza kuwa hivyo kwa sababu mia. Lakini pombe ya tumboni ni moja ya hizo sababu, na huku kwetu sijawahi kusikia mtu akiiuliza. Tunachapa mtoto kwa jeraha alilopata kabla hajazaliwa.

Haina tiba ya kuiondoa. Ila inazuilika kabisa: pombe isipoingia, hiyo shida haipo. Ni magonjwa mangapi duniani unaweza kusema hivyo?

Sasa, nyinyi wa "busaa ni chakula".

Nawaelewa. Busaa inatoka kwa unga na wimbi, inajaza tumbo, inatuliza njaa. Nimekulia hapa, nimeona watu wakishinda na kasuku moja kutoka asubuhi hadi jioni. Wakati wa ule ukame wa misimu mitano mfululizo bila mvua, 2020 hadi 2023, kuna nyumba ambazo machicha yalikuwa ndio mlo, hadi kwa watoto. Sicheki na hilo. Lakini unga ukishachachuka ukawa pombe, ile pombe haijui wewe umekunywa kwa njaa ama kwa raha. Inapita kwa kitovu vile vile. Na kasuku tatu nne za busaa kwa siku si pombe kidogo, hata kama kila kasuku ni nyepesi. Changaa nayo usiseme. Hiyo ni kali mara nyingi zaidi, na wapikaji wengine huongeza vitu ambavyo hata wao hawaonji. Mwaka 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya Wakenya kwa siku chache. Kama inaua mwanaume mwenye kilo themanini, mtoto wa kilo moja tumboni atafanyaje?

Nyinyi wa "bia nyeusi inaongeza damu".

Hii imani haikuzaliwa Turkana. Kule Ireland na Uingereza kulikuwa na wakati ambapo hospitali zenyewe ziliwapa wazazi bia nyeusi, ati ya nguvu. Baadaye waliacha, na mwaka 2016 madaktari wakuu wa Uingereza walisema wazi: ukiwa na mimba, salama zaidi ni kutokunywa kabisa. Sasa tufanye hesabu. Kidonge kimoja cha damu unachopewa kliniki kina miligramu 60 za madini ya chuma. Glasi ya bia nyeusi haifikishi hata miligramu 1. Ukitaka bia ifanye kazi ya kidonge kimoja, ni zaidi ya glasi 60 kwa siku. Na kidonge unapewa kliniki na hakilewi.

Nyinyi wa "mamangu alikunywa na mimi niko sawa".

Buda, pia kuna mtu alivuka barabara ya Lodwar usiku akiwa amefunga macho na akafika. Si kila mtoto huumia sawa. Inategemea kiasi, wakati, chakula, mwili wa mama. Watafiti walikadiria mwaka 2017 kwamba kati ya wanawake 67 wanaokunywa wakiwa na mimba, mmoja huzaa mtoto mwenye ile hali mbaya kabisa, na kwamba watoto kama hao huzaliwa karibu 119,000 kila mwaka duniani. Hao ni wale walioathirika zaidi tu, bado hujahesabu waliogongwa kidogo. Wewe ulipona. Hiyo ni bahati, na bahati ya mtu mmoja si ushauri wa kumpa mwingine.

Hapo nadhani wale waliomtukana yule mama wanapiga makofi. "Si tulisema!" Ngojeni. Sasa ni zamu yenu.

Mnajua ni sehemu gani ya Afrika inayojulikana duniani nzima kwa hii shida? Ni Western Cape, Afrika Kusini, kwenye mashamba ya mizabibu. Katika baadhi ya miji ya huko, watafiti walipopima watoto wa darasa la kwanza walikuta zaidi ya mmoja kati ya kumi ameathirika na pombe ya tumboni. Kwani wamama wa huko ni wabaya kuliko wengine? La. Kwa vizazi na vizazi, wenye mashamba waliwalipa wafanyakazi sehemu ya mshahara kwa mvinyo. Kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni. Waliuita "dop". Sheria iliupiga marufuku, lakini kufikia hapo kunywa kulikuwa kumeshakuwa maisha. Mwenye shamba aliuza mvinyo, akalipwa, akalala. Mzigo ulibaki kwa mtoto, na lawama ikabaki kwa mama.

Ninapoisoma hiyo stori naona Kalokol. Hapa hakuna anayelipwa mvinyo. Lakini tazama tu. Mama anaamka saa kumi na moja, anapasua samaki, anaanika, anageuza, jua linamla. Malori yanabeba samaki waliokaushwa yanaelekea Kitale na mbele zaidi. Samaki mwenye protini yote inayojenga ubongo wa mtoto anapita mbele ya macho ya mama mjamzito, anaenda kuliwa na watu wengine. Yeye anabaki na hela ndogo ambayo haitoshi unga, mafuta na kuni. Lakini inatosha kasuku. Pale kiwanda cha samaki walichotujengea Wanorwei kimesimama miaka na miaka kama kaburi, pombe haijawahi kukosa duka.

Ukienda Kakuma utaona vile vile. Mgao wa chakula kambini ulikatwa na kukatwa, na 2025 ukabana zaidi. Kuna wamama wanaopika pombe kwa sababu ndio kitu pekee kinacholeta hela ya daftari na sabuni. Mpikaji ana njaa, mnywaji ana njaa. Halafu wewe uliyeshiba chapati unaandika "afungwe".

Na lebo je? Chupa za viwandani zina onyo. Sheria ya pombe ya 2010 inataka hivyo, na kwa chupa zingine kuna hata kale kachoro ka mama mjamzito aliyepigiwa mstari. Sawa. Sasa nionyeshe lebo ya jerikeni. Nionyeshe onyo lililobandikwa kwa kasuku. Ile pombe ambayo mama maskini anakunywa haina maandishi, na hata ingekuwa nayo, wengi wa wamama zetu hawakupelekwa shule wayasome. Lebo ya jerikeni ni wewe na mimi. Ni mdomo wa mtu anayemjua.

Kwa hivyo nataka kuongea na kila mtu na jina lake.

Wewe mwanaume. Wewe unamnunulia mkeo kikombe ili asikusumbue ukikunywa vyako vitano. Mimba mliitengeneza wawili, lakini kutukanwa anatukanwa mmoja. Miezi tisa tu, kaa nayo. Hela ya vikombe viwili inakaribia bei ya unga wa jioni, hiyo hesabu unaijua kuliko mimi. Na kama unampiga ukilewa, usishangae akitafuta kitu cha kumfanya asisikie maumivu.

Wewe mama pima. Najua unalipia watoto shule na hiyo biashara, na sijakuja kuimwaga. Lakini tumbo unaliona. Huwezi kusema hukujua. Mwambie: mama, kwangu leo hupati, lakini kaa hapa kivulini nikuletee uji. Uji na busaa vinatoka kwa unga mmoja. Tofauti ni siku chache za kuchachuka na maisha yote ya mtoto.

Nyinyi wahudumu wa kliniki. Wengi wenu mnafanya kazi ya ajabu na dawa haba, heshima zenu. Lakini kuna mmoja, sitataja wapi, alimuuliza mama mbele ya foleni nzima, "Umekuja umelewa tena?" Wote wakageuka. Mama akigeuzwa sinema harudi. Na asiporudi hapimwi damu, hapewi vidonge, anajifungulia nyumbani. Muulize mkiwa wawili, kwa sauti ya chini, kwa Kiturkana. Atakuambia ukweli.

Kaunti na wanasiasa. Kila kampeni mnakuja na hotuba juu ya pombe haramu, polisi wanamwaga mitungi, picha zinapigwa. Kesho yake mitungi imejaa tena, kwa sababu njaa haikumwagwa. Mnataka mjamzito aache busaa? Mpeni chakula kinachofika, kwa wakati, mpaka kijijini, si mpaka ghala la Lodwar.

Na sisi wenye simu. Sisi tunaojiita wabunifu. Mlevi mjamzito si maudhui. Ulimrekodi, ukapata laiki, yeye akapata nini? Aibu. Na aibu haijawahi kumfanya mtu aache pombe. Aibu inamfanya anywe akiwa amejificha. Kama una bando ya kupandisha dakika mbili za kucheka, una bando ya kupandisha dakika mbili za kueleza vile pombe inapita kwa kitovu. Fanya hiyo.

Halafu dada, wewe unayesoma hii kimya kimya na mkono uko tumboni. Wewe sikugombezi. Kama ulikunywa kabla ya kujua una mimba, uko na wengi, usijiue na mawazo. Acha leo. Ubongo wa mtoto bado unajengwa, na kila siku bila pombe ni siku nzuri kwake, hata kama uko mwezi wa saba. Mwambie mhudumu wako ukweli ndio ajue vile atamfuatilia mtoto. Na kama ni yale ya kuamka asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kikombe, usikate ghafla ukiwa peke yako. Mwili unaweza kukugeuka vibaya. Nenda kituo cha afya wakusaidie kuacha salama. Ukiogopa macho ya watu, piga 1192, laini ya NACADA, hailipishwi.

Kuna kitu kimoja sijawaambia. Nilienda kumwomba msamaha yule mama. Shangazi alinipeleka, nikiwa nimejipanga na maneno mengi. Aliniangalia tu, akasikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaniuliza kama nimekuja na simu ama na unga.

Nilikuwa na simu. Unga nilienda kutafuta baadaye, na sasa tuko vijana wanne tunaochanga kila wiki, unga na samaki, tunampa shangazi apeleke kwa nyumba mbili tatu zenye wajawazito. Si mradi, hauna jina, hatupigi picha. Yule mama alirudi kliniki. Mtoto alizaliwa akiwa mdogo. Sitasema zaidi juu yake, kwa sababu nilishasema ya kutosha juu ya mamake.

Ukimwona mjamzito na kasuku mkononi wiki hii, weka simu mfukoni. Kaa karibu naye. Muulize amekula nini leo, halafu umwambie ukweli, kwa hiyo mpangilio.